Nani atalala Kilimatinde?

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO orodha ya awali ya maeneo ambayo ingependa siku moja yatambuliwe kuwa Urithi wa Dunia. Mojawapo ni njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, na vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Bagamoyo inajulikana hata na watoto wa shule. Ujiji ina kumbukumbu ya Livingstone na makumbusho yake. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ina tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Lakini Kilimatinde? Waulize abiria kumi wa basi la Mwanza, na sidhani kama wawili watakuonyesha iko upande gani wa barabara.

Iko wilayani Manyoni, mkoani Singida, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Misafara iliyotoka pwani ilivuta pumzi hapo. Nyuma yake ilikuwa imeimaliza Ugogo, nchi kavu ambako watemi walidai hongo ya nguo na shanga kabla ya kuruhusu mtu ateke maji. Mbele yake kulikuwa na Mgunda Mkali, pori linaloanzia huko Manyoni na Itigi kuelekea Tabora, ambalo lilivukwa kwa siku kadhaa za kutembea huku maji yakihesabiwa kwa kibuyu. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, katika safari iliyowachukua zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wamelipita miaka mingi kabla yao, ila hawakuandika kitabu.

Wajerumani nao walipokuja waliifuata njia hiyohiyo, na katika miaka ya 1890 wakaweka kituo cha kijeshi Kilimatinde. Kisha wao wenyewe wakakinyima uhai. Reli yao ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ilipita Manyoni, na shughuli za utawala zikaifuata reli. Kilimatinde ikabaki na misheni ya Kianglikana, hospitali na upepo wa ukingoni. Kaskazini mwa mkoa hali haikuwa tofauti sana: Mkalama ilikuwa na boma la Wajerumani lililotisha eneo zima, na leo jina hilo limebebwa na wilaya ambayo makao yake yako Nduguti.

Nimekuwa nikijiuliza majengo ya namna hii yafanywe nini, maana yakiachwa yanajijibu yenyewe kwa kuanguka. Kuyafanya makumbusho ni wazo la kwanza la kila kikao, na mara nyingi ndilo wazo la mwisho pia, kwa sababu makumbusho ya wilaya yanahitaji mtunzaji anayelipwa kila mwezi na mgeni mwenye sababu ya kurudi. Mimi naona Singida ingefanya vizuri zaidi kama baadhi ya nyumba hizi zingelaza watu. Hoteli ndogo, vyumba vinane au kumi. Na mgeni wa kwanza kufikiriwa asiwe mtalii kutoka Ulaya bali msafiri ambaye tayari yuko njiani.

Kabla ya boma, hata hivyo, kulikuwa na tembe, na tembe ndilo linaloipa Singida haki ya kuzungumza katika jambo hili.

Wagogo wa Manyoni, Wanyaturu na majirani zao wamejenga matembe kwa vizazi. Nguzo zenye panda huchimbiwa ardhini kwa safu. Juu ya panda hulazwa mihimili, juu ya mihimili hupangwa fito zilizobanana, juu ya fito huja nyasi au matawi, kisha udongo unamwagwa na kushindiliwa hadi paa linakuwa bapa na gumu. Kuta husimamishwa kwa miti iliyofungwa kwa kamba za magome, zikakandikwa udongo uliokandwa pamoja na samadi. Nyumba hujipinda kuzunguka ua, na ng'ombe wakilala katikati mwizi ana kazi ya ziada. Juu ya paa wanawake huanika mtama na karanga. Mchana ndani kuna ubaridi, na usiku wa Juni, ambao Singida si wa mchezo, udongo ule unarudisha joto ulilolikusanya kutwa.

Jambo ambalo wapita njia wengi hawalioni ni kwamba mzigo wa paa unabebwa na nguzo. Kipande cha ukuta kikibomoka kwa mvua, paa halitikisiki. Unakandika upya na maisha yanaendelea. Hii ndiyo kanuni ileile ya zile nyumba maarufu za Ujerumani na Uingereza ambazo fremu yake ya mbao inaonekana nje kama michoro, na katikati ya mbao pamejazwa fito na udongo. Kule wametumia mwaloni, huku mninga na miti mingine migumu ya miombo. Kule udongo wameuchanganya na majani makavu, huku samadi. Mji wa Quedlinburg, Ujerumani, una zaidi ya nyumba 1,000 za aina hiyo, na mwaka 1994 uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Watu hulipa pesa nzuri kulala katika chumba ambacho boriti yake imepinda na sakafu yake ina mteremko, na asubuhi wakiamka wanapiga picha ufa wa ukutani.

Maofisa waliotumwa Kilimatinde na Mkalama walitoka katika nchi hiyo. Walipanda bara, wakaiona nyumba ya nguzo, fito na udongo, wakaiona ya kishenzi. Tusiwacheke sana, kwa sababu sisi tuliowapokea kijiti hatukuiona vizuri zaidi. Tangu uhuru tembe limeingia katika ripoti za maendeleo kama kipimo cha umaskini: kaya ngapi bado ziko kwenye tembe, ngapi zimehamia kwenye bati. Operesheni Vijiji, ile amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, ilizihamisha familia kutoka kwenye nyumba zilizojengwa kwa kufuata maji, malisho na kivuli, na kuziweka kwenye mistari iliyopimwa kwa kamba. Tembe haliwezi kubebwa mgongoni. Ukitaka kuona la Wagogo likiwa limetunzwa kwa makusudi, huenda ukashauriwa uende Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Singida.

Lakini tuseme ukweli wote. Waliolihama tembe hawakuwa wajinga. Paa lilikuwa chini, moshi haukuwa na pa kutokea, na mtu mrefu aliingia kwa kuinama kama anayesujudu. Na kulikuwa na papasi.

Papasi ni kupe asiye na haraka. Hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya na kurudi, na anaweza kustahimili njaa kwa muda mrefu sana akimsubiri mgeni mwingine. Homa anayoieneza huja, huacha, kisha hurudi tena. Mwaka 1905 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekuwa ameshapata umaarufu kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa katika koloni hili akiifuatilia homa hiyo, na miongoni mwa sehemu alizowachunguza papasi ni mahali pa kulala misafara. Kwa maneno mengine, mkaguzi wa kwanza mashuhuri wa nyumba za wageni nchini mwetu aliandika kwamba mgeni huondoka na ugonjwa ulioachwa na mgeni aliyemtangulia. Anayetaka kufungua hoteli ndani ya kuta za udongo ayasome hayo kabla ya kuchagua rangi ya mapazia. Sakafu isiyo na nyufa, kuta zilizozibwa na kusilibwa kila mwaka, kitanda kilichoinuliwa, mifugo ikae mbali: hakuna hata moja la kubahatisha hapo.

Je, kuna aliyejaribu kulaza wageni katika boma hapa nchini? Yupo. Mikindani, mkoani Mtwara, Wajerumani walijenga boma mwaka 1895 juu ya kilima kinachoitazama ghuba ambayo Livingstone aliondokea mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho ya bara. Baada ya uhuru jengo lilikosa kazi, likakosa mtu, na hatimaye likakosa sehemu ya paa. Katika miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilikubaliana na serikali kulichukua na kulikarabati, na likageuka hoteli ndogo. Kilichonivutia katika habari ya Mikindani ni mpangilio wa mambo zaidi ya uzuri wa jengo. Hoteli ilifanywa kuwa shule: vijana wa mji walifundishwa kupika, kuhudumia meza, kutunza vyumba. Jengo likapata watu wanaolijua kwa jina la kila mlango. Mwashi aliyefanya kazi pale aliondoka akiwa na ujuzi wa chokaa ambao nyumba nyingine za mawe za Mikindani zinauhitaji.

Tabora kuna mfano wa namna nyingine. Hoteli ya zamani iliyo karibu na stesheni, ambayo leo inaitwa Orion Tabora, ilijengwa na Wajerumani mwaka 1914, na husimuliwa kwamba ilikusudiwa kupokea wakubwa kutoka Berlin baada ya reli kukamilika. Vita vikaja, wakubwa hawakuja. Jengo limebaki likilaza watu wa reli, wafanyabiashara wa tumbaku na asali, maharusi na wanasemina. Halikuokolewa na utalii. Limeokolewa na harusi.

Zanzibar wana historia ndefu zaidi, tangu Mamlaka ya Mji Mkongwe ilipoundwa mwaka 1985, na tangu Mmarekani Emerson Skeens alipoanza kufungua hoteli katika nyumba za kale za Mji Mkongwe. Lakini Zanzibar ina bahari, na anayeiga hesabu za Zanzibar akiwa Manyoni atafilisika kabla ya kipupwe cha pili. Somo la Zanzibar ninaloliona linatufaa ni lile chungu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa fahari ya visiwa, iliporomoka na kuua watu huku jumba likiwa katika ukarabati. Jengo lilikuwa limeshazeeka kwa miaka mingi hadharani, mbele ya watu wote, kila mwaka likisubiri mwaka unaofuata.

Kwa hiyo tuanze na paa. Sijui jengo la kale lolote ambalo lilikufa kwa kuanzia chini.

Paa la tembe ni zito kuliko linavyoonekana. Chukua chumba cha mita tatu kwa nne, yaani mita za mraba 12, na udongo wa sentimita 15 juu yake. Udongo mkavu ulioshindiliwa una uzito wa takriban kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, hivyo juu ya kichwa cha mgeni wako pamekaa karibu tani tatu, na mvua ikinyesha zinaongezeka. Wazee walijua hilo bila kikokotoo. Ndiyo maana nguzo za tembe zimekaribiana na vyumba vyake ni vyembamba, kama ilivyo kwa nyumba za mwambao ambazo upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Anayekarabati akiondoa nguzo moja ya katikati ili apate nafasi ya kitanda kikubwa, ajue anacheza na tani.

Ninavyoona mimi, na mafundi wa shule ya zamani watanibishia, udongo upunguzwe unene na juu yake liinuliwe bati lenye mteremko mdogo, likae nyuma ya ukuta mfupi wa ukingoni lisionekane kutoka uani. Kati ya bati na udongo upite upepo. Mvua inabebwa na bati, joto linazuiwa na udongo, na maji yanaingia kwenye tangi badala ya kutiririka ukutani. Singida hupata mvua ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, kisha hakuna kitu hadi mwaka ugeuke. Hoteli isiyovuna maji ya paa lake italipia maji ya boza kila Agosti.

Baada ya paa kuna adui ambaye huingia nyumbani kwa heshima zote, akiwa amefungwa kwenye mfuko wa kilo 50. Saruji. Nimeona nyumba za udongo zikipigwa lipu ya saruji kwa nia njema kabisa, zikang'aa mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu lipu inabanduka kwa vipande vikubwa pamoja na ukuta wenyewe. Sababu si uchawi wala fundi mbovu. Udongo hunywa unyevu na kuutoa. Huvimba kidogo na kusinyaa kidogo. Saruji haiendi nao. Maji yanayopanda kutoka ardhini au kupenya kwenye ufa yanakosa pa kutokea, yanakaa nyuma ya lipu, udongo unageuka uji, na nguzo ya mti iliyomo ndani inaoza mahali ambapo hakuna anayeiona mpaka siku mlango unapokataa kufunga. Ulaya walijifunza hili kwa gharama kubwa: katika karne ya 20 nyumba nyingi za fremu ya mwaloni, zilizokuwa zimesimama kwa mamia ya miaka, zilipigwa saruji ili zionekane za kisasa, na mafundi wa leo wanatumia muda mwingi kuibandua na kurudisha udongo na chokaa. Sisi hatuna sababu ya kulipa ada ya somo ambalo wenzetu wameshalilipia.

Chokaa basi, na udongo, na samadi pale inapostahili. Chokaa hukauka taratibu na huhitaji kulowekwa siku nyingi kabla ya kutumika, jambo linalomkera mkandarasi mwenye tarehe ya kukabidhi kazi. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa sakafu, maana mchwa wameshauchekecha. Ni haki pia, kwa sababu mchwa hao hao ndio watakaokuja kula nguzo. Hapo dawa ya kwanza ni uchaguzi wa mti. Kiini cha mpingo au mninga hustahimili. Mti mlaini uliokatwa juzi hautastahimili hata ukipakwa oili chafu. Kuta ziinuliwe juu ya msingi wa mawe, na Singida haijawahi kukosa mawe: yako kila mahali, makubwa kama nyumba, hadi wageni huuliza nani aliyapanga.

Kuna watakaosema kwamba ukibadilisha nguzo, ukabandika udongo mpya na kuinua dari, hiyo si nyumba ya kale tena. Hoja hiyo ina nguvu kwa jengo la mawe. Kwa nyumba ya udongo haina. Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali husilibwa upya na watu wa mji karibu kila mwaka, na hakuna anayeuita mpya. Hata tembe la Kwihara tunalolitembelea leo ni la kujengwa upya; lile la 1872 lilishakwenda. Nyumba ya udongo huishi kwa mikono inayoirudia, na mikono hiyo ndiyo inayotoweka Singida kwa kasi kuliko kuta. Kijana wa Ikungi aliyezaliwa chini ya bati anajua kuchanganya zege. Kuichagua nguzo yenye panda nzuri porini, kujua fito zibanane kiasi gani, kuisikia kwa kisigino sehemu ya paa iliyolegea: hayo yako kwa watu waliokwisha kupita miaka 60.

Ndiyo sababu nisingependa mradi uanze kwa kulijaza boma vitanda. Jengo la kijeshi lina vyumba vya kijeshi: kuta nene, madirisha madogo, na kumbukumbu ambazo si kila mtu angependa kulala nazo. Watu walifungwa mle, walichapwa mle. Jengo la mawe lililobaki lifanywe mapokezi, ukumbi wa chakula, chumba cha historia chenye maelezo yasiyoficha kitu. Vyumba vya kulala vijengwe kando yake kwa mtindo wa tembe, vikizunguka ua, dari ikiinuliwa mtu asimame wima, madirisha yakiwa na wavu, choo na bafu vikiwa ndani lakini vikiwa vimejengwa kwa matofali ya kuchoma kwenye ukuta wa nje, ili bomba likivuja lisilambe nguzo. Wazee wajenge, vijana wawe saidia fundi, na wote walipwe. Hapo mkoa utakuwa umepata hoteli na mafundi kwa bei moja.

Na wageni? Hili ndilo swali ambalo vikao hulijibu kwa neno moja, watalii, kisha vikapumzika. Singida haiko kwenye njia ya watalii wengi. Iko kwenye njia ya kila mtu mwingine. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mwanza na Bukoba inapita hapa, ya Arusha kupitia Babati inaungana nayo Singida mjini, malori ya Rwanda na Burundi yanalala Manyoni na Singida kila usiku. Tangu serikali ihamie Dodoma, watumishi wa umma wanakuja na semina zao. Wanunuzi wa alizeti, vitunguu na kuku wanajaza gesti wakati wa mavuno. Reli ya kisasa ya kutoka Dar es Salaam imepangwa kupita Makutupora, wilayani Manyoni, kuelekea Tabora. Watu hawa wanalala mahali tayari. Wanalala kwenye gesti yenye vigae vyeupe, runinga ya ukutani, feni inayolia, na sabuni ndogo isiyotoa povu. Wape chumba kimoja kilicho tofauti, chenye ubaridi bila feni, kimya, maji ya uhakika, na bei isiyowatisha.

Tufanye hesabu ya kukadiria tu. Vyumba vinane, shilingi 40,000 kwa usiku, nusu ya vyumba ikipata watu. Hiyo ni 160,000 kwa siku, milioni 4.8 kwa mwezi wa siku 30. Lipa wafanyakazi sita, umeme, mafuta ya jenereta, kodi na ushuru wa halmashauri, na hakuna atakayetajirika. Lakini zitabaki fedha za kusiliba kuta kila Septemba, na ndicho kitu ambacho hakuna makumbusho ya wilaya yaliyo na uhakika nacho. Fedha nyingine ziko jikoni. Kuku wa kienyeji wa Singida husafirishwa hadi Dar es Salaam kwa sifa yake. Kwa nini msafiri asimle hapa, kwa ugali wa uwele na mlenda, asali ya Itigi mezani asubuhi, wakati mhudumu anamsimulia habari za Liti, mwanamke ambaye Wanyaturu husimulia aliwakabili Wajerumani kwa nyuki, na ambaye uwanja wa mpira wa Singida leo una jina lake?

Kikwazo kinachonisumbua zaidi kuliko mchwa ni cha kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la Mjerumani halimo, na tembe la babu yako lililojengwa mwaka 1930 halimo. Ili yalindwe lazima yatangazwe rasmi, moja baada ya jingine. Hadi hapo, mwenye eneo akitaka kuchukua mawe ya boma kujengea zizi, hakuna wa kumshika mkono. Kuorodheshwa UNESCO katika orodha ya awali hakubadilishi hilo. Ni nia ya serikali iliyoandikwa, haina askari. Na majengo mengi ya aina hii yako mikononi mwa halmashauri, taasisi za dini au idara ambazo hazijawahi kuendesha hoteli na hazijui zitoe mkataba wa miaka mingapi. Mwekezaji mdogo, mwalimu mstaafu wa Manyoni kwa mfano, hawezi kutia akiba yake kwenye paa la jengo ambalo anaweza kunyang'anywa baada ya uchaguzi. Akipewa miaka 30 au zaidi, kwa masharti yanayosema wazi ni kuta zipi zisiguswe na ni chokaa gani itumike, benki nayo itakuwa na karatasi ya kusoma.

Kazi ya kwanza basi haina gharama kubwa. Halmashauri za Manyoni, Itigi na Mkalama zinaweza kumtuma fundi mmoja, mpimaji mmoja na mtu wa Idara ya Mambo ya Kale wapite kwenye majengo na matembe yaliyosimama, wachore, wapige picha, waandike mmiliki ni nani na paa likoje. Kiangazi kimoja kinatosha. Atakayepata kibali cha kukata nguzo kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu mwezi Juni azikaushe kivulini hadi kiangazi kinachofuata, kwa sababu mti mbichi ukibebeshwa tani tatu za udongo utapinda, na mgeni wa chumba namba mbili ataupiga kichwa kila akienda msalani.